Nguzo ya Malindi na Padrão dos Descobrimentos ya Lisbon: ukoo mmoja au jina tu?

Kipwani_Ughaibuni

Wakuu, salaam.

Nina kikundi cha watu 12 cha kukitembeza Belém, Lisbon, kuanzia asubuhi hadi kama saa nane mchana. Karibu wote ni wa Pwani au watoto wa Pwani waliokulia Ulaya, na zaidi ya nusu wameshapiga picha chini ya ile nguzo nyeupe ya Malindi. Naomba msaada kwenye haya:

Kwanza, ule mnara mkubwa wenye umbo la merikebu, Padrão dos Descobrimentos, una undugu gani na nguzo ya Malindi? Vyote vinaitwa "padrão" lakini sura ni mbingu na ardhi.

Pili, nguzo ya Malindi ni ya Vasco da Gama mwenyewe au ilijengwa baadaye? Kila mtembeza wageni anasema lake.

Tatu, kati ya sanamu zote za kwenye mnara wa Lisbon, zipi zinatugusa sisi? Sitaki kuwasomea watu majina 33 juani.

Nne, nianzie wapi na niishie wapi, na ni kitu gani huwa kinaharibu siku.

Ya kwenye vipeperushi ninayo tayari. Natafuta anayejua.

---

MaalimWaChombo

Kipwani, nianze na neno lenyewe, maana hapo ndipo watu wanapochanganya.

Padrão ya asili ni nguzo ya jiwe ambayo Wareno waliibeba melini kutoka kwao ikiwa imeshachongwa. Kabla ya hapo walikuwa wakisimamisha misalaba ya mbao, inaoza au inang'olewa. Mfalme João II ndiye aliyeleta utaratibu wa mawe, na wa kwanza kutumwa nayo alikuwa Diogo Cão, safari iliyoanza 1482. Ina sehemu tatu: mti wa nguzo wenyewe, juu yake bonge la mraba lenye nembo ya Ureno na maandishi (mfalme nani, nahodha nani, mwaka gani), na juu kabisa msalaba. Kazi zake zilikuwa mbili kwa mpigo. Ni hati ya madai, kwamba tumefika hapa kabla ya Mkristo mwingine, na ni alama ya baharini kwa chombo kitakachofuata. Ndiyo maana zikawekwa kwenye rasi na midomo ya mito, mahali panapoonekana kutoka mbali.

Diogo Cão aliweka moja kwenye mdomo wa mto Kongo, nyingine Cabo de Santa Maria huko Angola, na kwenye safari ya pili akafika hadi Cape Cross, Namibia, mwaka 1486. Jiwe la Cape Cross limeandikwa 1485. Sababu ni hiyo niliyosema: lilichongwa nyumbani kabla ya safari. Kwa ndugu zetu wa Kongo kuna kitu cha ziada. Juu kidogo ya Matadi, penye miporomoko ya Yelala, watu wa Diogo Cão walichonga majina yao na nembo kwenye mwamba wenyewe. Hiyo si nguzo, na hakuna aliyeweza kuihamisha.

Bartolomeu Dias aliweka tatu mwaka 1488. Ya Kwaaihoek, Afrika Kusini, ilikuwa imevunjika vipande vipande hadi mwanahistoria Eric Axelson alipovipata 1938 na ikaunganishwa upya. Vasco da Gama naye alibeba zake. Ile ya Mossel Bay haikumaliza hata wiki: Wareno wakiwa bado wanajiandaa kung'oa nanga, Desemba 1497, waliwaona wenyeji wakiivunja pamoja na msalaba wa mbao uliosimama kando. Waeleze watu wako hili. Wenyeji hawakuhitaji kusoma Kireno ili waelewe jiwe lile linadai nini.

Sasa Malindi. Kibao na vipeperushi husema 1498. Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, akaondoka tarehe 24 kusi ikiwa inaanza kushika, na siku 23 baadaye akaiona India. Lakini shajara ya safari hiyo inataja nguzo wakati wa kurudi, Januari 1499. Walikuwa wamelazimisha kurudi kabla kaskazi haijatulia, wakapoteza karibu miezi mitatu baharini, mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na Malindi ikawa kama hospitali. Waliingia tarehe 7, na katika siku hizo ndipo Gama akamwomba mfalme wa Malindi pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wake, na ruhusa ya kuweka nguzo nchi kavu iwe ishara ya urafiki. Tarehe 11 wakaondoka.

Kwa hiyo ukisema "1498" hujakosea sana, lakini ukitaka kuwa sahihi sema ufiko ni 1498 na nguzo ni 1499. Na sema "aliomba". Nguzo ya Malindi iliwekwa kwa idhini, na mfalme alikuwa na hesabu zake: alimtaka rafiki mwenye mizinga dhidi ya Mombasa.

Nguzo ya kwanza ilisimama mjini, karibu na makazi ya mfalme. Pale kwenye rasi si mahali pake pa kwanza. Kuhusu mawe yenyewe namwachia mwenye fani.

---

JahaziLaKale

Nyongeza ndogo. Usisahau kuwaambia kwamba aliyemvusha Gama kutoka Malindi hadi Calicut ni Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari kutoka Oman. Wenye asili ya Muscat na Sur watafurahi.

---

MaalimWaChombo

Jahazi, hiyo iondoe kwenye orodha ndugu yangu. Ibn Majid alikuwa bingwa kweli, lakini kwao ni Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, na mwaka 1498 alikuwa mzee aliyekwisha kuandika kazi zake kubwa. Vyanzo vya Wareno vinamtaja rubani kuwa Mgujarati, na jina wanaloliandika ni "Malemo Cana" au "Canaqua". Jina hilo ni cheo zaidi kuliko jina la mtu. Malemo ni maalim, yaani maalim wa chombo, neno ambalo mabaharia wetu wanalo hadi leo. Kanaka ni mnajimu kwa lugha za Kihindi. Kwa hiyo walikuwa wakisema "maalim mnajimu". Ndani ya jina hilo limo neno la baharini la Kiswahili, ila wenye kalamu hawakujua.

---

FundiChokaa

Nijibu swali la pili kwa upande wa mawe.

Nguzo ya Malindi unayoiona ni vitu viwili vilivyopandishwa. Msalaba wa juu, wenye nembo ya Ureno, ni jiwe la chokaa lililotoka Lisbon. Ule mwili mweupe wa umbo la pia iliyogeuzwa ni matumbawe na chokaa, kazi ya baadaye, na shabaha yake ilikuwa kuushika na kuulinda msalaba. Kwa hiyo wanaosema "yote ni ya Vasco" wanakosea, na wanaosema "yote ni bandia" wanakosea pia.

Kutofautisha si kazi. Jiwe la matumbawe lina vitundu na michoro kama nyota au sega la nyuki. Hayo ni makazi ya vidudu vya baharini vilivyolijenga. Ni jepesi na linakunywa maji kama mkate. Jiwe la Lisbon ni zito, limebana, halina vitundu. Ukiwa Belém waonyeshe watu wako kuta za Jerónimos, ile monasteri ya pale: ni jiwe liitwalo lioz, la rangi ya maziwa lenye wekundu hafifu, na ukiangalia vizuri sehemu zilizosuguliwa utaona duara na mistari ya kombe za kale zilizokatwa katikati. Wakishaona hilo hawatadanganyika tena wakirudi Malindi. Msikwaruze wala kugonga, macho yanatosha.

Sasa kinachoiua. Adui wa kwanza yuko chini, juu hakuna neno. Rasi ile ni mwamba wa matumbawe, na mawimbi yanaula kwenye usawa wa maji hadi unabaki kama uyoga: juu umetokeza, chini umechimbika. Nenda maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ndiyo utaona ukubwa wa tundu. Mwamba hauliki kidogo kidogo mpaka uishe. Unaliwa chini, halafu siku moja bonge zima la juu linakatika kwa uzito wake. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya maana pale ni kuvunja nguvu ya wimbi kwa ukuta na mawe chini ya rasi. Rangi ya juu ije baadaye.

Adui wa pili ni saruji, na hapa nitasema kidogo zaidi kwa sababu kosa hili liko Lamu, Mombasa, Kilwa, kote. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui. Ukuta ukipata unyevu wa chumvi kupitia ufa au kutoka chini, unataka kutokea usoni ukauke. Ukikutana na lipu ya saruji unakwama nyuma yake. Maji yanakauka pole pole, chumvi inabaki na kuwa chembe ngumu, chembe zinakua na kusukuma. Baada ya misimu michache lipu inabanduka kama gamba, na ikibanduka inaondoka na ngozi ya jiwe. Fundi asiyejua anaona lipu imebanduka, anaongeza saruji zaidi. Kila raundi jiwe linapungua.

Dawa ni ileile ya wazee. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa shimoni chini ya maji wiki nne kwa uchache, miezi ni bora. Mchanga wa mto uliooshwa, mkali, usio wa pwani, kwa sababu wa pwani unaingiza chumvi ile ile tunayoikimbia. Chokaa moja kwa mchanga tatu. Ukuta uloweshwe kabla, vinginevyo jiwe linanyonya maji ya rojo na lipu inakuwa unga. Koti moja lisizidi milimita 10 au 12. Ukitaka unene, subiri la kwanza lishike. Funika kwa magunia mabichi siku saba hivi, usilipige jua la saa sita. Mwisho ni chokaa nyepesi ya kupaka, makoti manne au matano membamba kama maziwa. Koti moja zito litapasuka. Weupe wake ndio unaoifanya ionekane kutoka baharini, kwa hiyo kupaka upya kila baada ya miaka kadhaa ni sehemu ya kazi, usihesabu kuwa ni pambo.

Hii si ruhusa ya mtu kwenda na ndoo. Ni mnara unaolindwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na sheria ya 2006, hata mwiko mmoja unahitaji kibali.

---

Tejo_Kaskazini

Nimelala nikiwa nasubiri mtu aulizie Lisbon yenyewe. Nachukua la kwanza, la tatu na la nne.

Mnara. Padrão dos Descobrimentos ni wa karne ya 20, tena mara mbili. Wa kwanza ulisimamishwa 1940 kwa Maonyesho ya Ulimwengu wa Kireno, enzi za dikteta Salazar. Mbunifu alikuwa Cottinelli Telmo, mchongaji Leopoldo de Almeida. Ulikuwa kitu cha muda: fremu nyepesi ya chuma na saruji, sanamu za jasi iliyochanganywa na nyuzi. Ukabomolewa 1943. Telmo alifariki 1948, hakuuona wa pili. Huu wa leo ulijengwa upya kwa zege, ukavikwa jiwe la rangi ya waridi kutoka Leiria, sanamu zikachongwa kwa jiwe la chokaa la Sintra, ukazinduliwa 1960 kuadhimisha miaka 500 tangu afe Infante (mwanamfalme) Dom Henrique, yule anayeitwa Baharia ingawa safari zake mwenyewe hazikuvuka Morocco.

Mwaka huo 1960 uangaliwe kwa makini. Mataifa 17 ya Afrika yalipata uhuru mwaka huohuo. Ureno ilikuwa inajibu kwa zege. Vita vya Angola vilianza Februari 1961, miezi michache tu baadaye. Na ile dira kubwa ya mawe iliyotandazwa mbele ya mnara, kipenyo mita 50, yenye ramani ya dunia ya mita 14 katikati, ni zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati huo, yaani ya mwaka wa mauaji ya Sharpeville. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: nguzo ya Malindi ilisema "tumefika", na mnara wa Belém unasema "hatuondoki". Unapoutazama hesabu mwaka wa aliyejenga kwanza, wa anayekumbukwa baadaye.

Usome ubavuni. Upande mmoja, juu ya nanga, herufi za chuma zinasema umetolewa kwa Infante Henrique na kwa Wareno waliovumbua njia za bahari. Upande mwingine, juu ya taji la majani, umeandikwa mwaka wa 500 na tarehe 1460–1960. Ukiuzunguka hadi upande wa mjini utaona mlango uko chini ya upanga mkubwa unaosomeka pia kama msalaba. Hilo si bahati mbaya ya mchoraji.

Sanamu. Henrique yuko mbele peke yake, kimo mita 9, ameshika meli ndogo. Nyuma yake 16 kila ubavu. Mwanamke ni mmoja tu, malkia Filipa, mama yake Henrique, upande wa magharibi. Kwa kikundi chako simama upande wa mashariki, wetu wengi wako huko:

Vasco da Gama ni wa pili kutoka mbele, nyuma ya mfalme Afonso V. Pedro Álvares Cabral yuko karibu naye. Huyu shuleni tunafundishwa Brazil tu, lakini mwaka huohuo wa 1500 alipita Kilwa na Malindi. Nicolau Coelho alikuwa nahodha kwenye safari ile ya kwanza ya Gama. Magellan alikuja Bahari ya Hindi na kundi la meli la 1505, lile lililoichukua Kilwa na kuichoma Mombasa. João de Barros hakusafiri kuja kwetu, ila simama kwake zaidi ya wengine: alikuwa mwandishi wa habari za dola, na ndani ya maandishi yake ndimo ilimohifadhiwa mojawapo ya nakala mbili za habari za kale za Kilwa, zile za masultani wa Shirazi. Bila karani huyu wa Lisbon tungekuwa na nakala moja ya Kiarabu tu. Halafu kuna Bartolomeu Dias na Diogo Cão penye nguzo yenyewe inayoinuliwa, hapo ndipo umuonyeshe mtu padrão ya kweli inafananaje. Afonso de Albuquerque ni kwa wale wa Oman: 1507 alipiga Qurayyat na Muscat akielekea Hormuz. Mtakatifu Francis Xavier alitua Malindi 1542 njiani kwenda Goa. Wa nyuma kabisa ni Cristóvão da Gama, mtoto wa Vasco, aliyeuawa Ethiopia mwaka huohuo wa 1542.

Upande wa magharibi wawili wanatosha. Pêro da Covilhã alifika Sofala kwa njia ya Bahari ya Shamu karibu miaka kumi kabla ya Gama, akiwa kachero, halafu akamalizia maisha Ethiopia. Na Camões mshairi, aliyekwama Kisiwa cha Msumbiji bila nauli.

Kisha waulize nani hayupo. Francisco de Almeida, aliyeongoza kundi lile la 1505, hakuchongwa. Na maalim wa chombo wa Malindi, unategemea nini.

Mpangilio. Treni kutoka Cais do Sodré, njia ya Cascais, lakini panda la vituo vyote, la moja kwa moja linaipita Belém bila kusimama. Tremu 15E inafika pia, ila inajaa, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Kutoka kituo cha Belém tembeeni kandokando ya mto kuelekea magharibi.

Fikeni mnarani saa tatu asubuhi. Uso unatazama kusini mtoni, kwa hiyo asubuhi jua linapiga ubavu wa mashariki, huo mnaoutaka. Ukija alasiri ubavu huo uko kivulini na picha zinakuwa masizi. Kuzunguka nje ni bure. Ndani kuna kiingilio, na faida yake kubwa ni kwenda juu: ile dira ya mawe huisomi ukiwa umeikanyaga, unaisoma ukiwa juu. Lifti haimalizi safari, zinabaki ngazi za miguu, kwa hiyo mwenye matatizo ya magoti abaki chini. Mtoni pana upepo, kofia na mitandio ifungwe.

Kisha msijaribu kukatiza reli na barabara. Kuna njia ya chini ya ardhi inayotokea bustani ya Praça do Império, mbele ya Jerónimos. Hapo watu wengi wanaharibikiwa: kanisa na ua wa ndani wa monasteri ni mambo mawili. Ua una tiketi na foleni ndefu, kanisa halina kiingilio. Mnachokitaka kiko kanisani, mara tu mkiingia: kaburi la Vasco da Gama kushoto, la Camões kulia. Makaburi yenyewe ni kazi ya karne ya 19, mabaki yalihamishiwa hapo 1880. Wakati wa misa hamruhusiwi kuzurura. Jumatatu monasteri imefungwa, usipange Jumatatu.

Torre de Belém iacheni. Ni mwendo wa kilomita moja na kurudi, itakula muda wa kitu bora zaidi: Museu de Marinha, mrengo wa magharibi wa jengo hilohilo la Jerónimos. Muulizeni mlinzi sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli. Ilikuwa kwenye meli ya Gama iitwayo São Rafael. Meli yenyewe ilichomwa Januari 1499 kwenye mafungu ya Mtangata, usawa wa Tongoni, kusini mwa Tanga, siku chache tu baada ya ile nguzo ya Malindi, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha meli tatu. Malaika akaokolewa. Mtu wa Tanga akisimama mbele yake anaangalia kitu kilichopita mbele ya kwao.

---

Kipwani_Ughaibuni

Tejo, FundiChokaa, Maalim, mmenimaliza. Mashariki asubuhi, kanisa si ua, Rafaeli. Nimeandika.

Maswali mawili ya mwisho. Kijana mmoja ameuliza kwa nini nguzo hizi hazirudishwi zilikotoka au kubomolewa, na kuna aliyesikia mnara wa Lisbon ulipakwa maandishi. Na je, kuna kitu chochote Lisbon ambacho ni cha kwetu hasa, si cha wao kutukumbuka?

---

MaalimWaChombo

Kurudishwa: mfano upo. Nguzo ya Cape Cross iling'olewa 1893 na nahodha wa manowari ya Kijerumani, ikapelekwa Ujerumani, ikaishia jumba la makumbusho ya historia Berlin. Pale Cape Cross zikasimamishwa nakala, leo ziko mbili. Mwaka 2019 Wajerumani wakatangaza kuirudisha Namibia. Angalia mzunguko wake: Mreno anaiweka kudai nchi, Mjerumani anaichukua baada ya kuikalia nchi hiyo hiyo, Mnamibia anaidai irudi kama ushahidi wa yote mawili. Na si Afrika tu. Jakarta wanayo moja ya mwaka 1522, ilifukuliwa 1918 na iko kwenye makumbusho yao ya taifa. Nguzo kadhaa za Diogo Cão zenyewe ziko Lisbon, Sociedade de Geografia. Kijana wako akitaka kudai, aanzie mlango huo.

---

FundiChokaa

Maandishi ni ya Agosti 2021, mstari mrefu wa kama mita 20 kwa rangi ya kupuliza, kwa Kiingereza chenye makosa ya tahajia, ukisema waliabiri kama vipofu kwa ajili ya fedha. Ukasafishwa upesi, na upesi ndiyo siri. Rangi kwenye jiwe la chokaa ikikaa inazama kwenye vinyweleo. Siku za kwanza inatoka kwa dawa ya kuyeyusha iliyochanganywa na udongo laini na kupakwa kama uji, ukikauka unavuta rangi nje. Asidi usiguse, inakula chokaa yenyewe. Kupiga mchanga nako kunaacha uso mkwaruzo, na uso mkwaruzo unashika uchafu mara mbili.

Kuhusu kubomoa, maoni yangu ya kifundi tu: zege la 1960 lenye nondo kando ya maji ya chumvi linajibomoa lenyewe usipolihudumia. Chumvi ikifika kwenye chuma, kutu inavimba na kupasua vazi la nje. Swali la kweli kila miaka kadhaa ni nani analipia matengenezo, na kwa hoja gani.

---

Bi_Songo

Jamani mbona hamjamwambia lile kubwa? Kipwani, kitu cha kwetu hasa kipo, na hakiko Belém ingawa kinaitwa kwa jina la Belém.

Kinaitwa Custódia de Belém, kiko Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ni chombo cha kanisani cha dhahabu na enameli, kimo kama sentimita 73, mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka. Kilitengenezwa na Gil Vicente, kikakamilika 1506. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Mwaka 1502 Gama alirudi na meli za vita, akamtisha Sultani Ibrahim kwamba asipolipa kodi mji utapigwa mizinga, akaondoka na mithkali (kipimo cha uzito) 1,500 za dhahabu. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe kitu hicho kwa ajili ya Jerónimos.

Na hawakuficha. Imeandikwa kwenye kitako chenyewe kwamba Manuel ameagiza kifanywe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa. Maandishi yanazunguka tako la chombo, kwa hiyo kizunguke, usisimame upande mmoja. Tafuta neno linaloanza na QV, herufi V imesimama mahali pa U. Hapo ndipo Kilwa ilipo.

Ratiba yako itaingia hivi: ukiondoka Museu de Marinha saa sita na nusu, panda 15E kurudi mjini, shuka Cais Rocha, panda ngazi za kilima, makumbusho iko juu. Jumatatu nayo imefungwa. Kabla hujanunua tiketi 12, uliza mlangoni kama chumba cha vyombo vya dhahabu kiko wazi siku hiyo, maana vyumba hufungwa kwa matengenezo na ukiwa ndani tiketi hairudi.

---

Kipwani_Ughaibuni

Bi Songo, shikamoo. Nimehamisha ziara kutoka Jumatatu kwenda Jumanne, na Torre nimeifuta.